Nyumba ya mawe ya Hathersage na mwanamke wa chumba cha juu



Majuma machache yaliyopita mliomba kwamba sisi tulio mbali tuandike juu ya mahali tunapoishi, na mkaongeza kwamba hamtaki tena habari za magorofa na za baridi. Nimesikia. Leo nawapeleka kijijini.

Mimi niko Sheffield, kaskazini mwa Uingereza. Wengine kati yenu mmelishika jina hilo mkononi pasipo kujua: angalieni visu na uma za zamani kwa koko zenu, mara nyingi limegongwa kwenye chuma. Lakini chuma nakiacha. Nataka twende Hathersage, kijiji kilicho nyuma ya mlima, kwenye nyumba moja ya mawe ambayo watu wengi wanaamini kwamba ndiyo iliyozaa kitabu kinachoitwa Jane Eyre. Kitabu hicho kilitoka Oktoba 1847. Aliyekiandika ni Charlotte Brontë, binti wa mchungaji, ila kwenye jalada aliweka jina lingine, Currer Bell, ili wasomaji wasijue kama ni mwanamume au mwanamke. Kwa hiyo siri inaanzia palepale kwenye jalada.

Tulikwenda Jumamosi moja ya Septemba, wamama tisa wa likelemba yetu ya hapa, pamoja na binti wa mdogo wangu. Ana miaka 24. Yeye ndiye aliyekisoma kitabu shuleni. Sisi wengine tulijua filamu tu, tena nusu-nusu, maana nusu nyingine tulikuwa jikoni.

Kabla treni haijaondoka, niseme jambo moja. Binti huyu alilazwa hospitalini miezi miwili, mwaka juzi, kwa ugonjwa wa akili. Anakunywa dawa zake, anafanya kazi, anacheka kama zamani. Ninaandika haya kwa ruhusa yake. Amesoma karatasi hii kabla sijaituma, akafuta mstari mmoja, nami sikubishana. Siku ile tulipokuwa tunakwenda Hathersage, kijana wa Bukavu alikuwa amekwisha kumchumbia, na familia yake walikuwa wanangoja tupange siku ya posa. Hawakujua habari za hospitali, wala kijana mwenyewe hakujua. Mdogo wangu hakutaka wajue. Aliniambia: «Yaya, nani atakayetoa mahari kwa ajili ya mtu wa vidonge?»

Basi, twende.

Kutoka Sheffield treni inapita mjini, halafu inaingia chini ya mlima. Tundu hilo linaitwa Totley, lina karibu kilomita 6, na lilifunguliwa mwaka 1893. Unakaa gizani muda wa kutosha kumaliza mandazi moja na kufuta vidole. Ukitoka upande wa pili, mji umekwisha: kuna mto, kondoo, kuta za mawe yaliyopangwa bila simenti, na juu kabisa milima isiyo na miti, yenye vichaka vifupi vya maua ya rangi ya zambarau. Mama mmoja wa kutoka Masisi alinyamaza ghafla. Kisha akasema, «Hapa ng'ombe wangeshiba.» Hakuongeza neno mpaka kituoni.

Charlotte hakupitia chini ya mlima. Yeye alikuja mwaka 1845 kwa gari la farasi, akakaa majuma matatu hivi katika nyumba ya mchungaji wa Hathersage. Mchungaji huyo, Henry Nussey, alikuwa kaka wa rafiki yake Ellen. Sasa sikilizeni, wamama, maana tulicheka sana njiani: mwaka 1839 mchungaji huyu alimwandikia Charlotte barua ya kumchumbia, naye akakataa kwa adabu. Miaka sita baadaye bwana amekwenda kuoa mwingine, na Charlotte yuko pale na Ellen, wanamtengenezea nyumba ya kumpokelea bibi arusi! Mama wa Masisi akasema kwamba mwanamke anayeweza kupanga mapazia ya chumba alichokikataa, ana moyo wa kuandika vitabu.

Kanisa la Mtakatifu Mikaeli liko juu ya kijiji, unapanda mpaka magoti yanalalamika. Ndani kuna picha za shaba za karne ya 15 za watu wa ukoo wa Eyre, wanaume kwa wanawake, mikono imefungwa kwa sala. Pale ndipo jina la kitabu lilipotoka, ndivyo watu wanavyoamini. Ukoo huo ulikuwa na mashamba na nyumba pande zote hizi, tena ulikuwa wa Wakatoliki wakati Ukatoliki ulikuwa kosa hapa, na faini ziliwamaliza polepole. Nje, chini ya mti, kuna kaburi refu sana wanalosema ni la Little John, rafiki wa Robin Hood. Wageni wote wanapiga picha pale. Sisi tulipita, tulikuwa na safari yetu.

Zamani zile Hathersage palikuwa na viwanda vya sindano. Watu walinoa sindano kwenye mawe, vumbi likaingia kifuani, wengi walikufa vijana. Nilifikiri juu ya vijana wetu wanaoshuka katika mashimo ya dhahabu. Ila hiyo ni makala nyingine.

Kutoka kanisani mpaka nyumba ya North Lees ni mwendo wa saa moja kwa miguu ya wamama wenye mifuko. Njia inapita katikati ya malisho. Kila ukuta una kilango kidogo, unafungua, unapita, unafunga nyuma yako ili kondoo wasitoke. Ndipo binti alianza kutusimulia kitabu, akitembea mbele, akigeuka kila baada ya hatua chache kama mwalimu.

Jane ni yatima. Analelewa na mke wa mjomba wake marehemu, Bi Reed, mwanamke tajiri asiyempenda. Siku moja, akiwa na miaka 10, wanamfungia katika chumba chekundu alimofia mjomba, anapiga kelele mpaka anazimia. Baadaye anapelekwa shule ya Lowood, shule ya mabinti maskini, chakula kidogo, baridi nyingi, na ugonjwa wa tifasi unaua watoto. Hiyo Charlotte hakuibuni kutoka hewani. Mama yake alikufa mwaka 1821 akaacha watoto sita, na mwaka 1825 dada zake wakubwa wawili, Maria na Elizabeth, walirudishwa wagonjwa kutoka shule ya namna hiyo, wakafa wote wawili. Yeye alikuwa na miaka 9.

Jane anakua, anakuwa mwalimu wa nyumbani, anapata kazi katika nyumba kubwa inayoitwa Thornfield, kumfundisha mtoto mmoja msichana. Mwenye nyumba ni Bwana Rochester. Nyumba ina orofa tatu, na kutoka orofa ya tatu inasikika sauti ya kicheko usiku. Wanamwambia ni mtumishi mmoja anayeitwa Grace Poole, mshonaji, mnywaji kidogo. Usiku mwingine kitanda cha bwana kinawaka moto. Usiku mwingine mgeni anakutwa ameumwa meno na kuchomwa kisu. Kila mara Jane anaambiwa: nyamaza, si kitu, nenda ukalale.

«Na yeye alinyamaza?» akauliza mdogo wangu.

«Alinyamaza, mama. Alikuwa anampenda.»

Siku ya arusi, kanisani, mchungaji anauliza kama kuna mtu mwenye neno la kuzuia. Avoka anasimama nyuma na kusema: bwana arusi ana mke, yu hai, yuko katika nyumba ile ile. Anaitwa Bertha Mason, ametoka Jamaika, na bwana amemfungia chini ya paa miaka 10 kwa kuwa amepata wazimu. Grace Poole ndiye mlinzi wake.

Wengi wanaishia hapo, wanasema ehe, ile ndiyo siri ya kitabu. Lakini binti alitushika mkono kwenye kilango kimoja, akatuzuia tusipite, akatuonyesha kitu ambacho mimi katika filamu sikukiona kamwe. Avoka yule alitoka wapi? Nani alimtuma? Hapo ndipo inabidi kurudi kwa yule mke wa mjomba. Bi Reed, akiwa anakaribia kufa, anamwita Jane na kumpa barua aliyoificha miaka mitatu. Barua imetoka kwa ndugu wa baba yake Jane, mfanyabiashara wa kisiwa cha Madeira, anayemtafuta mtoto huyo ili amlee na kumrithisha mali yake. Bi Reed alimjibu kwamba Jane amekufa kwa tifasi shuleni. Ameua mtoto kwa kalamu, kwa chuki tu! Sasa Jane anapojua, anamwandikia baba yake mdogo: niko hai, na karibu nitaolewa na bwana Rochester. Barua inafika Madeira, na pale Madeira, wakati huohuo, yuko kaka wa Bertha. Ndivyo avoka alivyotumwa. Barua iliyofichuka ndiyo iliyofungua mlango wa chumba cha juu.

Tulisimama pale kilangoni, kondoo wanatuangalia. Mama mmoja akasema kwamba kwao siri moja huwa inashikwa mkia na nyingine, ukivuta panya mmoja unatoa ukoo mzima.

Mdogo wangu hakusema kitu. Alipita, akafunga kilango.

Nyumba yenyewe inatokea ghafla, unapanda kidogo na mara iko mbele yako. Nilitegemea jumba kubwa kama lile la filamu. Sivyo. Ni mnara wa mawe wa orofa tatu, mrefu na mwembamba, uliojengwa miaka ya 1590, madirisha mengi ya vioo vidogo-vidogo, na juu ya paa ukuta wa meno-meno kama ngome. Ubavuni mwake kuna sehemu nyingine iliyo fupi. Nyuma yake mlima wa mawe unaoitwa Stanage umesimama kama ukuta mweusi, na chini yake yamelala mawe ya kusagia unga, ya duara, yaliyochongwa na kuachwa majanini bila kinu. Nyumba ni mali ya Hifadhi ya Peak District tangu mwaka 1971, ila ndani kuna wapangaji, huingii. Unaiangalia kutoka njiani. Wahenga wanasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi hata mlango hatukuufikia.

Tukakaa kwenye ukuta, tukatoa termosi na viazi.

Charlotte alifika hapa akitembea na Ellen. Wakati ule palikuwa na mama mjane wa ukoo wa Eyre akiishi humu. Ndani palikuwa na kabati lenye vichwa 12 vya mitume vilivyochorwa mlangoni, na kabati la namna hiyo liko kitabuni, katika chumba ambamo Jane anamtunza yule mgeni aliyeumwa. Siku hizi liko Haworth, katika nyumba ya familia ya Charlotte iliyokuwa ya mchungaji na sasa ni makumbusho. Na kijijini wanasimulia kwamba mke wa kwanza wa nyumba hii, Agnes Ashurst, alipata wazimu, akafungiwa orofa ya juu, akafa kwa moto. Ni simulizi ya kijiji, kila mtu anaisimulia kwa namna yake. Kuna na nyumba nyingine inayodai sifa hiyohiyo, Norton Conyers, huko Yorkshire, ambayo Charlotte aliitembelea mwaka 1839. Nako walisimulia juu ya mwanamke aliyefungiwa chini ya paa, na mwaka 2004 wenye nyumba waligundua ngazi iliyofichwa nyuma ya mbao za ukuta, inayopanda mpaka juu. Miaka yote watu walilala upande huu wa mbao, na ngazi iko upande ule.

Basi nyumba mbili, wanawake wawili wa kusimuliwa. Wenye kutembelea nyumba wanabishana ipi ni ya kweli. Mimi nikaona kwamba Charlotte hakuhitaji kuchagua. Chumba kama kile kilikuwa kitu cha kawaida.

Na hapa lazima niongee juu ya sheria, maana tukiwa kwenye ukuta ule tuliongea sana juu ya pesa. Bertha aliolewa na pauni 30,000. Baba ya Rochester hakutaka kugawa shamba, akampa mtoto mkubwa lote, na huyu mdogo akatafutiwa mke mwenye pesa ng'ambo. Baba alijua na kaka alijua kwamba katika familia ya Bertha kuna wazimu. Rochester aliambiwa kwamba mama mkwe amekufa. Kumbe yuko hai, amefungiwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Kwa hiyo upande wa mume walificha, upande wa mke walificha, arusi ikafungwa. Pesa za Bertha zikawa za mume siku hiyohiyo, kwa kuwa katika sheria ya Uingereza mali ya mwanamke aliyeolewa ilikuwa ya mume, mpaka sheria ya mwaka 1882 ilipobadilisha. Na talaka? Bwana asingeweza kuipata kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Jambo hilo liliingia katika sheria za talaka mwaka 1937. Akabaki na mke asiyeweza kumwacha na asiyetaka kumwonyesha. Tusicheke sana, sisi. Kwetu ni sheria ya tarehe 15 Julai 2016 tu iliyoondoa lile sharti la mwanamke aliyeolewa kuomba ruhusa ya mumewe ili atie sahihi jambo lake.

Na zile pauni zilitoka wapi? Jamaika ilikuwa ya miwa, na miwa ilikuwa ya watumwa. Uingereza ilipofuta utumwa katika makoloni yake, sheria ya mwaka 1833, serikali ilitenga pauni milioni 20 za fidia. Wenye watumwa ndio waliolipwa. Waliokuwa watumwa hawakupata kitu. Katika kitabu haya hayaelezwi. Bertha anatokea kama mnyama, anatambaa, ananguruma, na hatumsikii akisimulia lililompata. Mwandishi Jean Rhys, aliyezaliwa katika kisiwa cha Dominica, hakuvumilia jambo hilo; mwaka 1966 akatoa kitabu chake, Wide Sargasso Sea, kinachomrudisha mwanamke huyu utotoni kwao na kumwacha aseme. Binti anakipenda hicho zaidi. Ananiahidi kunisomea.

Nikiangalia dirisha la juu nilimkumbuka shangazi yangu. Nilikuwa na miaka 9. Katika parsele yetu, nyuma, karibu na mahali pa kuweka makaa, palikuwa na chumba chenye kufuli nje. Shangazi, mdogo wa baba, alikaa humo. Wageni wakija, redio inaongezwa sauti. Tukiulizwa, tuseme amekwenda Kindu kufanya biashara. Mimi ndiye niliyempelekea sahani, bugali na sombe, asubuhi chai. Nilikuwa Grace Poole, ila bila mshahara. Alikuwa na siku mbaya sana za kelele, na siku nzuri, na katika siku nzuri alinisuka nywele kupitia mlango uliofunguliwa nusu, polepole, mistari imenyooka kuliko ya mama yangu. Hakuna aliyempeleka kwa daktari. Siku hizi watu wa Bukavu wanajua njia ya SOSAME, hospitali ile ya wagonjwa wa akili. Sisi tuliogopa jina la ukoo, kulikuwa na dada zangu watatu wa kuozwa. Waliozwa. Shangazi alikufa mle chumbani katika msimu wa mvua, na matangazo ya kilio yalisema amefia Kindu.

Nilisimulia hayo pale kwenye ukuta. Mdogo wangu alikuwa mtoto wa mgongoni wakati ule, hakuwa amejua. Miaka yote hii alifikiri kweli kuna kaburi Kindu. Akaniangalia kwa hasira: «Yaya, unaniambia leo? Hapa? Mbele ya watu?» Nilikosa jibu. Nami nilikuwa nimeficha barua.

Tulikaa. Mvua ndogo ilianza, ile ya hapa isiyokuwa na kelele.

Binti ndiye aliyeongea, kwa sauti ya kawaida, kama anaendelea na somo. Akasema watu wanafikiri Charlotte alibuni kwa kuwa aliishi maisha ya kimya. Hapana. Mwaka 1842 alikwenda Bruseli na dada yake Emily kusoma Kifaransa, katika shule ya mabinti ya Bwana na Bibi Heger. Wamama wangu, Bruseli! Tunawajua ndugu wangapi kule. Charlotte akampenda mwalimu wake, Constantin Heger, mwanamume mwenye mke na watoto. Aliporudi Uingereza mwaka 1844 akamwandikia barua za kuomba neno moja tu. Bwana akazichana na kuzitupa. Mke wake akaokota vipande kutoka katika kikapu, akavishona kwa sindano na uzi, akaziweka. Fikirini mwanamke huyo, amekaa na taa, anashona barua za upendo za mwanamke mwingine kwa mume wake! Mwandishi Elizabeth Gaskell, aliyeandika maisha ya Charlotte mwaka 1857, alijua habari za barua hizo, akaziziba. Mwaka 1913 watoto wa Heger walizitoa kwa makumbusho ya London, zikachapwa gazetini, dunia ikasoma. Charlotte alikuwa amekufa tangu 1855.

Na nyumbani kwao, kaka yao Branwell alikuwa mlevi na mtumiaji wa afyuni. Wanasimulia kwamba siku moja aliwasha moto kitanda chake. Baba alikuwa anapofuka. Mwezi Agosti 1846 Charlotte alimpeleka Manchester apasuliwe mtoto wa jicho, bila dawa ya kufa ganzi, na katika chumba cha kupanga, baba amefungwa macho kitandani, ndipo alipoanza kuandika Jane Eyre. Mwishoni mwa kitabu Thornfield inaungua. Bertha anaruka kutoka juu ya paa, anakufa. Rochester anapoteza mkono na macho, halafu jicho moja linarudi kuona kidogo. Jane amerithi pauni 20,000 za yule wa Madeira, amezigawa sawasawa na binamu zake watatu, anarudi na pesa zake mwenyewe na kuolewa.

«Kwa hiyo ilibidi huyo mwingine afe,» akasema mama wa Masisi.

«Katika kitabu, ndiyo,» akajibu binti.

Tukafunga termosi. Wakati wa kushuka, mama mmoja, mzee kuliko sisi wote, asiyejua kusoma na aliyekuwa amekaa kimya tangu kanisani, akamshika mdogo wangu kiwiko. Akamwambia: «Umeniuliza mimi, umemwuliza yaya wako, umepiga telefone kwa wazee wa Bukavu. Na mtoto mwenyewe umemwuliza?»

Mdogo wangu hakuwa amemwuliza. Alikuwa amempangia dawa, miadi ya daktari, nguo za posa, na maneno ya kusema kama kijana atauliza juu ya ile miezi miwili: kwamba alikuwa London, kwa kazi.

London. Mimi nikasikia Kindu.

Walibaki nyuma, mama na mtoto. Sisi tulitangulia kwa makusudi, tukasimama kwenye kila kilango kuwangoja, tukijifanya tunaangalia kondoo. Sijui maneno yote waliyoambiana. Ninachojua, ninachoruhusiwa kuandika, ni kwamba binti alisema anataka kumwambia kijana yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, si kwa wazee, na kabla ya mbuzi wa kwanza kutajwa. Ndani ya tundu la Totley, kwenye giza, mdogo wangu alilia bila kujificha. Hakuna aliyeongeza sauti ya redio.

Alimpigia Jumapili jioni. Wakaongea saa mbili, mlango wa chumba ukiwa wazi. Kijana aliuliza majina ya dawa, akayaandika. Kisha akaomba apewe muda wa kuongea na mama yake mzazi na baba yake mdogo.

Hadi leo ninapoandika ni siku 19. Familia hawajajibu. Kijana anapiga kila jioni kama zamani, saa moja ya hapa, na wanacheka. Mdogo wangu ameagiza hata hivyo vikwembe viwili kutoka Goma, anasema vitafaa kwa jambo lolote. Na mimi nimempigia kaka yetu aliyebaki kwenye parsele, nimemwomba atafute mahali shangazi alipozikwa, aweke msalaba wenye jina lake. Aliniambia mahali anapakumbuka, ni karibu na mwembe.